Nani Aambiwe: Kisa cha Kijana Mwenye Ukimwi Katika Kaunti ya Kisumu

Kuhusu maandishi haya

Kisa kinachofuata kilishughulikiwa na kliniki ya vijana ya hospitali moja ya umma katika Kaunti ya Kisumu, ambako mimi ni mshauri nasaha. Jina la kijana, kijiji chake, shule, kanisa na miaka ya matukio vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili asitambulike. Kijana mwenyewe, ambaye sasa ametimiza umri wa mtu mzima, alisomewa maandishi haya na akaridhia yatumike kufundishia. Yamekusudiwa wahudumu wa afya, walimu wa shule za bweni na viongozi wa dini, kwa kuwa kila kundi kati ya hayo lilikuwa na mkono katika yaliyompata.

Usuli

Kijana alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Mama yake aligundua hali yake mwenyewe baada ya kujifungua, na alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Kwa kuwa mama huyo hakuwa ameolewa, mtoto alibaki kwa wazazi wa mama, akalelewa na nyanya yake ambaye alimpa dawa kila jioni, kwanza za maji na baadaye tembe, bila kukosa hata siku moja anayoikumbuka. Alimwambia ni dawa za kifua.

Familia inaishi katika eneo ambalo karibu kila boma lina kaburi la mtu aliyekufa kwa ugonjwa huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima wa Kaunti ya Kisumu wanaishi na virusi, ilhali kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 4.9. Msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba mahali palipozoea ugonjwa kiasi hicho pangekuwa na huruma ya ziada kwa mgonjwa. Nimeona kinyume chake mara nyingi, na nadhani sababu ni kwamba wazee wa leo waliwauguza ndugu zao kabla dawa hazijaanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Wanachokikumbuka ni kitanda, harufu na mazishi yaliyofuatana. Mtu anapokonda, kumbukumbu hiyo hufika kabla ya elimu yoyote waliyopewa baadaye.

Mwongozo tunaoufuata unashauri mtoto aanze kuelezwa hatua kwa hatua tangu umri wa kwenda shule, na awe anaijua hali yake kikamilifu kufikia miaka kumi hadi kumi na miwili. Nyanya aliahirisha. Kijana alijigundulia akiwa darasa la saba, siku alipolinganisha jina lililoandikwa kwenye kopo lake na maelezo ya mwalimu darasani kuhusu dawa za kupunguza makali ya virusi. Hakumwambia nyanya kwamba anajua. Kwa zaidi ya mwaka walikaa meza moja, mmoja akiamini anamlinda mtoto, mwingine akiamini anamlinda mzee, na hakuna aliyeuliza swali. Hapo ndipo kijana alipojifunza kwamba hali yake ni jambo lisilotamkwa, na somo hilo alikwenda nalo shule ya upili.

Yaliyotokea shuleni

Alipata nafasi katika shule ya bweni ya kaunti jirani. Utaratibu wa shule ulitaka kila mwanafunzi mwenye dawa azikabidhi kwa matroni na kwenda kuzimeza ofisini kwake. Alielewa mara moja maana yake: kila jioni wenzake wangemwona akipanga foleni mlangoni pale, mwaka mzima, bila malaria wala jino la kutaja kama kisingizio. Akaamua kuzificha ndani ya sanduku lake la chuma. Tembe hulia ndani ya kopo kila sanduku linaposogezwa, hivyo alizishindilia kwa pamba, na alimeza zake usiku taa zikishazimwa, pasipo maji. Usiku ambao bweni halikulala mapema, hakumeza. Mwishoni mwa kidato cha kwanza alikuwa akikosa dozi kila wiki.

Katika muhula wa pili wa kidato cha pili ulifanyika msako wa simu za mkononi. Masanduku yalifunguliwa uwanjani mbele ya bweni zima, viranja wakisaidia. Kopo lilipatikana, likainuliwa, na mmoja wa waliokuwapo akalisoma kwa sauti. Kijana anasema hakuna aliyecheka, na kwamba ule ukimya ulimuumiza kuliko kicheko ambacho kingefuata. Kabla ya juma kwisha alikuwa amepewa jina la utani ambalo ameomba lisiandikwe. Mwalimu mmoja, kwa nia ambayo naamini ilikuwa njema, alimhamishia chumba kidogo karibu na zahanati ya shule ili apumzike na asisumbuliwe, akaagiza apewe sahani na kikombe chake. Kitendo hicho kiliupa uvumi muhuri wa shule, kwani wanafunzi waliokuwa na shaka waliona sasa kwamba hata walimu wanamwogopa.

Baada ya hapo alizitupa tembe zote chooni, na kila alipopewa nyingine alizitupa vilevile. Kliniki haikujua. Nyanya ndiye aliyekuwa akija kumchukulia dawa za miezi mitatu, kwa kuwa yeye yuko shuleni, na daftari lilionyesha mteja asiyekosa tarehe. Damu ya kupimia kiwango cha virusi ilihitaji awepo mwenyewe, na tarehe hizo ziliangukia katikati ya muhula, zikasogezwa, kisha zikasogezwa tena.

Ugonjwa

Alirudishwa nyumbani katika kidato cha tatu akiwa na kikohozi, jasho la usiku na homa isiyoisha. Alikuwa na miaka kumi na saba na uzito wa kilo 38. Mjomba wake, ambaye ndiye msemaji wa boma, alisema hiyo ni chira, yaani ugonjwa ambao kwa imani ya Wajaluo humpata mtu mila inapovunjwa: mama wa kijana alizikwa ndani ya ua ilhali binti asiyeolewa alistahili kuzikwa nje yake, na kosa hilo sasa linamla mtoto. Akaagiza manyasi, dawa za mitishamba za kutakasa boma. Nyanya hakumpinga mwanawe, ila kimyakimya alimpeleka mjukuu kwenye maombi, ambako aliambiwa kwamba mwenye imani haendi hospitali huku akiomba. Wiki tatu zilipita hivyo. Kijana alipoanza kushindwa kumeza hata uji, mhudumu wa afya wa kijiji, mama anayetembelea maboma yale kila mwezi, alimpakia kwenye boda boda katikati yake na dereva, akamleta.

Vipimo vilionyesha seli za CD4, yaani seli za kinga ambazo virusi huzishambulia, zimeshuka hadi 41, wakati chini ya 200 tayari ni hali ya kinga iliyovunjika. Alikuwa na utando mweupe uliotoka kinywani hadi kwenye umio, na huo peke yake unatosha kumweka mtu katika hatua ya nne ya ugonjwa, ambayo ndiyo tunayoiita Ukimwi. Kipimo cha mkojo kilionyesha kifua kikuu na mashine ya makohozi ikathibitisha. Kipimo cha damu cha ukungu unaosababisha homa ya uti wa mgongo hakikuonyesha kitu, jambo lililotupa nafuu kubwa, kwa kuwa ugonjwa huo ungetulazimu kuchelewesha dawa za virusi kwa wiki kadhaa.

Maamuzi ya tiba na sababu zake

Alianzishiwa dawa za kifua kikuu siku ileile, pamoja na flukonazoli kwa ajili ya umio na Septrin ya kukinga magonjwa nyemelezi. Dawa za virusi zilirudishwa baada ya wiki mbili. Mtu angeuliza kwa nini zisirudishwe siku ya kwanza, ikiwa kinga imefika chini namna ile. Sababu ni kwamba kinga inapoamka ghafla hukuta vijidudu vya kifua kikuu vimetapakaa mwilini na kuvishambulia kwa ukali unaoweza kumdhuru mgonjwa mwenyewe. Wiki hizo mbili huipa tiba ya kifua kikuu nafasi ya kupunguza vijidudu kwanza, na kwa mtu mwenye CD4 chini ya 50 kungoja zaidi ya hapo kuna hatari kubwa kuliko hiyo.

Tulijadiliana kama tubadilishe mchanganyiko wa dawa za virusi, kwa kuwa kiwango cha virusi kilikuwa zaidi ya laki mbili. Tabibu alishauri tuurudishe uleule wenye dolutegravir. Kijana hakuwa ameshindwa na dawa, alikuwa ameacha kuzimeza, na virusi huchelewa kuizoea dawa hiyo. Hata hivyo rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huifanya dolutegravir iondoke mwilini upesi, kwa hiyo alimeza miligramu 50 asubuhi na nyingine 50 jioni badala ya mara moja kwa siku, hadi wiki mbili baada ya kumaliza tiba ya kifua kikuu.

Kulikuwa na jambo dogo lililokaribia kuharibu yote. Rifampisini huufanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa iliyoiva. Kijana alikuwa ameelezwa, mjomba hakuelezwa. Alipouona wodini alisema mtoto anakojoa damu na kwamba hospitali inammaliza. Ikafuata, wiki ya tatu ya dawa za virusi, homa mpya na uvimbe wa tezi za shingo: ile kinga iliyokuwa ikiamka. Kwa mtu asiyejua, mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu alikuwa amezidiwa baada ya kupewa dawa, na mjomba alikuja na gari la kumchukua.

Muuguzi aliyekuwa zamu hakubishana naye. Alimkalisha na kumwonyesha chati ya uzito, ambayo ilikuwa imepanda, akamweleza kwamba askari wa mwili waliokuwa wamelala sasa wameamka na wanapigana, na uvimbe ule ndio uwanja wa vita. Akamwomba siku tano kabla ya kuamua lolote. Kijana alikuwa amekubali kifua kikuu kitajwe mbele ya mjomba, hivyo mazungumzo yote yalihusu kifua kikuu, na neno la pili halikutamkwa. Prednisolone ilituliza uvimbe ndani ya siku hizo, baada ya tabibu kujiridhisha kwamba hakuna maambukizi mengine yaliyojificha. Mjomba hakurudi na gari.

Nani aambiwe

Swali gumu kuliko yote lilikuja alipokaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani, na hapo timu yetu iligawanyika. Mwenzetu mmoja alipendekeza tumwombe naibu wa chifu aitishe baraza, tuelimishe kijiji kizima kuhusu virusi bila kumtaja mtu. Mwingine alitaka tumwite mjomba na kumweleza ukweli wote, kwa hoja kwamba boma halitunzi mgonjwa ambaye halijui ugonjwa wake. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Niliyoyapinga ndani yake ni kwamba kijana hakuwa ameulizwa, na kwamba kila mara hali yake ilipoamuliwa na watu wengine, yaani nyanya aliyeificha, shule iliyoifichua na mjomba aliyeipa jina lake mwenyewe, alizidi kujitenga na dawa zake.

Tukamuuliza. Tulimkutanisha kwanza na mshauri rika, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyezaliwa na virusi kama yeye, na wakakaa peke yao chini ya mwembe wa hospitali mchana mzima. Baada ya siku kadhaa alituletea majibu. Baraza hataki, kwa kuwa kijiji kitahesabu siku tangu atoke hospitali na kujua linamhusu nani. Mjomba aambiwe, lakini na yeye mwenyewe, na nyanya awepo. Mke wa mjomba asiambiwe kwa sasa. Mchungaji aambiwe habari za kifua kikuu peke yake. Na kabla ya hao wote, alitaka amwambie nyanya kwamba alijua tangu darasa la saba.

Kikao cha nyanya kilifanyika ofisini kwangu. “Dani, nilikuwa najua,” kijana alisema, akimwita nyanya kwa Kijaluo, na mzee alilia kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa nini alimwacha abebe mzigo huo peke yake. Kijana alimjibu kwamba alidhani nyanya ndiye asiyetaka kuutua. Sikuongeza neno katika kikao kile, wala halikuhitajika.

Kikao cha mjomba hakikwenda vizuri hivyo. Alinyamaza, akauliza kama watoto wake wamekunywa kikombe kimoja na huyu. Tulimweleza kwamba virusi havipiti katika chombo, kitanda wala choo, ila kifua kikuu hupita kwa hewa, na kwamba mgonjwa wake hulala chumba chake chenye dirisha lililo wazi hadi wiki za mwanzo za tiba zipite, nazo kwa kijana zilikuwa tayari zimepita. Alitutazama kama mtu anayehisi anadanganywa mahali fulani asipopajua. Aliondoka bila kuaga. Siku mbili baadaye alimtumia nyanya pesa za mayai na maziwa, akasema ni za mgonjwa.

Shule

Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi nchini Kenya inakataza shule kumfukuza au kumtenga mwanafunzi kwa sababu ya hali yake, katika kifungu cha 32, na kifungu cha 22 kinakataza kutoa habari za majibu ya mtu bila ridhaa yake ya maandishi. Sheria hiyohiyo iliunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko ya aina hii. Tulimweleza kijana na nyanya njia hiyo. Waliikataa, kwa sababu iliyo rahisi kueleweka: shauri lingemtaka asimulie tena uwanja ule wa masanduku mbele ya watu asiowajua, naye alitaka kumaliza masomo.

Kwa ridhaa yake tuliandikia shule barua isiyotaja ugonjwa, tukaomba mambo mawili: masanduku yasipekuliwe hadharani, na wanafunzi wenye dawa za muda mrefu, wawe wa pumu, kifafa, selimundu au lolote, wapewe mahali pa faragha pa kuzihifadhi wenyewe. Shule ilikubali la kwanza. La pili ilisema italifikiria, na sijapata habari ya hatua iliyochukuliwa. Kijana hakurudi huko. Alirudia kidato cha tatu katika shule ya kutwa karibu na nyumbani, akapoteza mwaka.

Matokeo

Alimaliza tiba ya kifua kikuu kwa miezi sita. Miezi mitatu baada ya kurudia dawa za virusi, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi mia chache, na kipimo kilichofuata kilikuwa chini ya 50. CD4 imepanda polepole, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyeshuka hadi pale, na uzito umefika kilo 56. Aliniuliza kama ataweza kuoa. Nilimjibu kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani katika kipimo, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na kwamba mke wake anaweza kuzaa watoto wasio na virusi. Aliniomba nimwandikie maneno hayo kwenye karatasi.

Yapo ambayo hayakupona. Jina la utani lilimfuata hadi sokoni kupitia mwanafunzi wa ile shule ya kwanza. Mke wa mjomba, ambaye hakuambiwa lakini alikisia, bado anaweka kikombe chake pembeni. Mchungaji alianza kutangaza kwamba dawa na maombi huenda pamoja, jambo la heri, ila mfano anaoutoa madhabahuni ni wa “kijana wetu mmoja aliyepona kifua,” na kijana ameacha kwenda ibada ile.

Uchambuzi

Tiba ilifanikiwa kwa sababu hatari zilifuatwa kwa mpangilio wake, na kwa sababu muuguzi alipata siku tano kutoka kwa mjomba. Nazitaja siku hizo kwa makusudi. Zilitokana na jambo ambalo mjomba aliweza kulikubali bila kushindwa mbele ya wodi nzima, nalo ni kwamba aliombwa kungoja, hakuombwa kukiri kwamba chira haipo. Sidhani tungepata chochote kwa kumshambulia katika mila yake saa ile.

Kukitumia kifua kikuu kama jina la kutamkwa mbele ya watu kulisaidia, kwani kilikuwa kweli na kilihitaji hatua za kweli nyumbani. Lakini njia hii ina mpaka. Katika vijiji vyetu kifua kikuu chenyewe husikika kama fumbo la Ukimwi, na anayedhani amejificha nyuma yake hugundua baadaye kwamba watu walishafumbua. Kijana alihitaji kuambiwa hilo mapema kuliko alivyoambiwa, ili achague akilijua.

Kosa kubwa la kimfumo lilikuwa daftari letu lililomhesabu kama mteja mwema wakati nyanya ndiye aliyekuwa akija. Kwa mwanafunzi wa bweni, tarehe ya kliniki inapaswa kuangukia likizo, na dawa za miezi mitatu zisitoke mara mbili mfululizo bila yeye mwenyewe kuonekana au kuzungumza nasi. Hilo tumelibadilisha. Lile la shule kutaka dawa zote zimezwe mbele ya matroni liko nje ya uwezo wetu, ingawa ndilo lililomfanya afiche kopo tangu mwanzo. Utaratibu huo ulilenga usalama, na kwa mtoto mwenye siri ya kudumu ukawa tangazo la kila jioni.

Kutomwambia mke wa mjomba lilikuwa chaguo la kijana na tuliliheshimu, na lina gharama ambayo ni haki kuitaja. Watoto wote wa mama huyo walipimwa kifua kikuu, hawakuwa nacho, wakapewa dawa za kukizuia. Mdogo wao hakumaliza dozi, kwa kuwa mama aliogopa kuonekana akiingia mara kwa mara kwenye mlango wa kliniki ambao kila mtu mjini anaujua. Tulipolijua hilo, dawa zilianza kupelekwa nyumbani na yule mhudumu wa afya wa kijiji, ndani ya mkoba uleule anaobebea vyandarua, na mtoto alianzishiwa dozi upya.